Surua na Kumbukumbu ya Mwili

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Wazazi wenzetu, tumekuwa tukiulizwa na kina mama: ikiwa mtoto ni mzima na ananyonya vyema, kuna haja gani ya kumdunga sindano ya surua? Swali hili lastahiki jibu kamili.

Surua, ambayo wengine huiita ukambi, husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, virusi vyake huweza kubaki vikielea chumbani hata saa 2 baada ya yeye kuondoka. Katika kila watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, hadi 9 huambukizwa. Tena huanza kuambukiza siku 4 kabla ya upele kutokea, wakati ambapo mama aona mafua, kikohozi na macho mekundu tu, akadhani ni baridi ya kusi. Mtoto hupelekwa chuoni au kwenye akika, na maradhi yakaenda naye.

Mola wetu hakuuacha mwili bila walinzi. Ngozi na ute wa pua ni lango la kwanza. Adui akipenya, chembe nyeupe za damu humkabili, na homa ni alama ya vita hivyo. Baadhi ya chembe hizo hutengeneza kingamwili za kumlenga adui yule peke yake, lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na ndiyo sababu maradhi mageni hututangulia. Vita vikiisha, hubaki chembe zinazomkumbuka adui. Akirudi, hupigwa mlangoni.

Kumbukumbu hiyo hudumu mno. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, baada ya kutoonekana huko kwa miaka 65. Katika watu wapatao 7,800, takriban 6,000 waliugua. Tabibu kijana kutoka Denmark, Peter Panum, alichunguza akaona kuwa wazee wengi walioiugua mwaka 1781 walikuwa wangali hai, na hakumpata hata mmoja wao aliyeugua tena.

Huenda mtu akasema, basi na augue mara moja apone. Hapa ndipo penye hatari. Mbali na kuwa surua yenyewe huua, hushambulia zile chembe za kumbukumbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa watoto wasiochanjwa walioiugua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto aliyepona upele hubaki kama nyumba iliyoibiwa makomeo: miezi ikipita, maradhi ya mapafu au ya kuhara humkuta hana ulinzi. Chanjo huufundisha mwili kumjua adui bila ya kulipa gharama hiyo.

Ama mtoto anyonyaye, kinga ya surua aliyorithi kwa mamake tangu tumboni hufifia baada ya miezi kadhaa. Ndipo kliniki zetu zikaweka sindano ya kwanza miezi 9, na ya pili miezi 18, kwani wapo watoto ambao ya kwanza haiwakingi.

Wala kujikinga hakupingani na kadari. Mtume (S.A.W.) alikataza ngamia wagonjwa kuchanganywa na wazima. Naye Sayyidna Umar (R.A.), alipopata habari za tauni katika nchi ya Sham, aliurudisha msafara wake, Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anakimbia kadari, alimjibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kuiendea kadari Yake nyingine.

Basi tuifungue leo kadi ya kliniki ya kila mtoto, tuone kama sindano zote mbili zimeandikwa. Mwenye homa na upele apelekwe hospitali, ambako hupewa na vitamini A, yenye kuyalinda macho yake. Kisha akae nyumbani hadi siku 4 zipite tangu upele kutokea. Kumzuru mgonjwa ni ibada, lakini wazuru waliokingwa, na wachanga wasichukuliwe.

Watoto ni amana, na amana huulizwa. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.