Nilivyohamisha Taa Nane

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mimi nilikwenda mbio nikajikwaa, na naomba ruhusa yenu, wasomaji wapendwa, niwasimulie, kwa maana nilipojikwaa ndipo nilipopata funzo ambalo sikulitafuta.

Sisi watu wa Budalang'i hatuhitaji kufundishwa maana ya mafuriko. Mto Nzoia unatoka huko juu milima ya Cherangani, unapita mashamba ya watu, mwisho unakuja kwetu kulitafuta Ziwa Viktoria. Kuta za udongo zilijengwa kuuzuia, lakini maji yakikasirika huvunja. Wazee hutaja miaka kama wanavyotaja majina ya watoto wao: 2003, 2007, 2008, 2011. Wangu mimi ni 2020. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, nami nilikuwa kwa kukhu, nyanya yangu, maji yalipoingia usiku. Tuliamshwa na kelele za kuku, si za binadamu. Tulitoka na godoro moja na sufuria mbili.

Kwa hiyo mwaka jana, mwalimu wa fizikia alipotuuliza tutengeneze nini kwa mashindano ya sayansi, sikufikiri mara mbili. Nikasema: kengele ya maji!

Mpango wenyewe ni rahisi. Unasimamisha mti mtoni na kuufunga nyaya nane, kila waya juu kidogo ya mwenzake. Maji ya mto hupitisha umeme kidogo. Yakiufikia waya, umeme huo hupitia kwenye rezista ukaingia kwenye transista, nayo transista hufunguka kama mfereji, taa ndogo ikawaka. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane ambayo inapiga king'ora. Kila ngazi ina transista moja, rezista mbili na taa moja. Zidisha kwa nane, unapata vipande 32.

Vipande hivyo hukaa juu ya bodi, nayo bodi huchorwa kwanza kwenye kompyuta. Tulitumia KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, na ambayo CERN, kile kituo kikubwa cha fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilianza kuisaidia mwaka 2013. Nikaanza kuvuta kipande kimoja kimoja kwa kipanya na kuchora njia za shaba za kupitisha umeme. Baada ya wiki mbili, taa zangu zilikuwa zimepinda kama safu ya watoto wa chekechea.

Ndipo mwalimu akanifungulia faili lile kama barua. Kumbe faili la bodi si picha! Ni maandishi matupu. Kila kipande kina jina lake, D1, R1, Q1, na humo ndani kuna neno la Kiingereza "at", kisha namba. Ya kwanza ni umbali kutoka kushoto, ya pili ni umbali kutoka juu kushuka chini, zote kwa milimita. Ikiwapo ya tatu, hiyo ni nyuzi ambazo kipande kimegeuzwa.

"Ukibadilisha namba, kitu kimehama," mwalimu akasema. Akanionyesha kwamba lugha ya Python inaweza kuzibadilisha zote kwa pigo moja.

Nilifurahi ajabu. Taa ya kwanza nikaipa milimita 20, na kila inayofuata nikaiongezea 12. Ya nane ingekaa 104, na bodi ina urefu wa 120. Hesabu ya shule ya msingi hiyo! Nikaandika mistari michache, nikabonyeza.

Wacha wee! Taa zote nane zilirundikana kwenye pembe ya juu kushoto, kama abiria wa matatu ya Port Victoria siku ya soko. Kumbe ukiongea na KiCad kwa Python, yenyewe haihesabu milimita. Inahesabu nanomita, na milimita moja ni nanomita 1,000,000. Mimi nilisema 20, nayo ikanipa 20 za kwake. Kompyuta haina utani.

Nikazidisha kwa milioni. Safari hii taa zilisimama mstari mmoja, wima kama askari. Nikapiga kelele, nikahifadhi faili bila kuweka nakala ya lile la zamani, nikawaita wenzangu waje kuona. Mwalimu naye akaja. Hakusema neno, aliiamuru tu programu iikague bodi. Makosa yakajaa kioo kizima!

Unajua nilichofanya, msomaji? Nilihamisha taa, lakini njia za shaba zilibaki palepale. Nyingine ziliishia hewani. Nyingine zilikanyaga miguu ya taa zisizowahusu. Vile viuzi vyembamba ambavyo KiCad huchora kuonyesha nani anapaswa kuunganishwa na nani vilikuwa vimevutika huku na huku kama utando wa buibui.

"Umehamisha nyumba, kijana," mwalimu akasema. "Njia je?"

Maneno hayo yalinirudisha 2020. Kule kambini mahema yetu yalipangwa kwa mstari ulionyooka. Mpita njia angesema watu hawa wamepangwa vizuri sana. Lakini kukhu alikuwa akikaa mlangoni anatazama chini. Siku moja nikamwuliza, "Kukhu, si huku hakuna maji?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, huku hakuna maji, lakini hakuna mtu pia." Jirani aliyemkopesha chumvi alikuwa kambi nyingine. Mvuvi aliyemletea omena hakujulikana aliko. Shamba la mihogo na kaburi la babu vilibaki kulekule. Nilikuwa mdogo, nikadhani analalamika tu kama wazee. Sasa, mbele ya kompyuta ya shule, niliviona viuzi vyake vilivyovutika.

Nilifuta njia zote nikaanza upya, huku machozi yananilengalenga. Safari hii nilipanga ngazi ya kwanza peke yake kwa mkono: transista, rezista zake mbili, taa yake, na njia za shaba baina yao. Kisha nikaandika programu mpya. Hii haikuhamisha taa peke yake. Iliwachukua wale wanne pamoja kama watu wa boma moja, ikahifadhi umbali kati yao, ikawaweka milimita 12 mbele na kuwachorea njia zilezile. Ikarudia hivyo mpaka ngazi ya nane. Nikaweka nakala kwanza, ndipo nikabonyeza. Nilipomaliza kuunganisha njia kuu za umeme kwa mkono, ukaguzi ulitoa sufuri.

Bodi tuliichapisha, tukaihamisha michoro kwa pasi juu ya bati la shaba, tukaichovya kwenye dawa inayokula shaba. Tuliijaribu kwa ndoo ya maji. Taa ziliwaka moja baada ya nyingine, na king'ora kilipolia mpishi wa shule alitoka jikoni shoti! Hatujaipeleka mtoni bado, kwa sababu nyaya zikikaa majini na umeme wa upande mmoja huliwa upesi. Hilo ndilo tunalopambana nalo sasa.

Likizo ilipofika nilimpelekea kukhu bodi aione. Aliigeuzageuza mkononi huku nikimweleza kisa chote.

"Kwa hiyo hawa wanne walihama pamoja?" akauliza.

"Ndiyo, kukhu. Na njia zao."

Alinyamaza kidogo, kisha akanirudishia bodi. "Basi siku nyingine tukihama," akasema, "wewe ndiye utakayetupanga."

Mwanachama, Kidato cha Tatu