Kutu ya Pwani haifichiki kwa rangi

Yeyote aliyewahi kuvuka kwa gari kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda Likoni anaijua safari hiyo fupi. Gari huteremka polepole hadi ndani ya feri, huku upepo wa chumvi ukivuma kutoka baharini. Kwa abiria aliyechoshwa na joto, upepo huo ni burudani. Kwa gari kuukuu, ni adui.

Chuma hushika kutu kinapokutana na hewa na maji. Chumvi huzidisha madhara kwa sababu huvuta unyevu, ikaushikilia juu ya bati na kuharakisha kuliwa kwake. Ndiyo maana huko bara ya Mombasa, kuanzia Likoni na Kisauni hadi Changamwe, mafundi wa bodi hawakosi kazi.

Miongoni mwa magari ya zamani yanayoenziwa nchini ni Peugeot 504, iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978, na ambayo kwa miaka mingi ilibeba abiria na mizigo ya Wakenya. Tangu mwaka wa 2003, mashindano ya East African Safari Classic yameyapa magari ya aina hiyo heshima mpya. Lakini mwenye kutaka kulifufua gari la baba yake sharti aanze na kutu, wala si injini.

Hapo ndipo penye mtego. Njia ya mkato ni kusugua kwa msasa, kujaza puti na kupiga rangi. Gari litang'ara, na mwenyewe atalipa kwa furaha. Muda si muda rangi itaanza kuvimba. Chuma kikigeuka kutu huongezeka unene, hivyo kutu iliyoachwa chini huisukuma rangi hadi ikapasuka.

Fundi mwaminifu kwanza hutoa betri na tangi la mafuta, maana cheche za kuchomelea zinaweza kuzua moto. Kisha hugongagonga bati kutafuta palipooza, na hukata mpaka afikie chuma kisafi. Kiraka hukipimia kwa karatasi ngumu, akakata bati lenye unene uleule na kulikunja. Huchomelea nukta moja huku na nyingine kule, kwani akiunganisha kwa mfululizo, moto utalipinda bati. Puti huja mwisho, nayo ni ya kulainisha tu.

Jambo hili si la urembo pekee. Ule ukanda wa chuma ulio chini ya milango ni sehemu ya uti wa mgongo wa gari. Ukiwa umeoza na kufunikwa kwa puti, ajali ikitokea hautawakinga watoto walioketi ndani.

Kwa hivyo msomaji, ukienda kununua gari kuukuu, beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Itashika bati, lakini penye puti nene itaanguka. Na ukiishi karibu na bahari, lioshe gari kwa maji baridi, hasa chini ya madigadi, na uzibue vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.