Zabibu za Mjomba

Neno la kwanza nililolijua ni divai. Mvinyo nililisikia baadaye, na kwa wazee wetu lilimaanisha pombe kali, ile inayounguza koo. Divai ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikaa ndani ya kabati la sakristia, chini ya kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa katekista.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi, mtumishi wa altare katika parokia moja ya Dodoma mjini. Kazi yangu Jumapili ilikuwa kushika vichupa viwili vya kioo, kimoja cha maji na kingine cha divai. Siku moja baada ya misa nikajikuta peke yangu na kichupa kilichobaki na tone la mwisho. Nikalinywa. Lilikuwa tamu, halafu chachu, kisha likaacha ulimi umekakamaa kama niliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Katekista alipoingia hakuuliza kitu. Alininusa, akanizaba kofi moja, akaendelea kukunja vitambaa.

Divai ile haikutoka mbali. Mapadre Wapasionisti kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana, kwenye barabara ya kwenda Iringa, mwaka 1957. Misa haisomwi bila divai, na ya kuagiza ilikuwa gharama. Mjomba wangu, ambaye kwake ni mbele ya Bihawana, upande wa Mpunguzi, anasema pingili zake za kwanza alizipata kwa jamaa aliyekuwa kibarua wa misheni. Alizifunga kwenye gunia bichi, akazipakia nyuma ya baiskeli, akazichomeka karibu na zizi. Nyingi zilikufa. Zilizobaki ndizo mama wa shamba lote.

Likizo za shule nilizimalizia kwake. Dodoma ni nchi ya vumbi na mibuyu, mvua yake ni ya kubahatisha, na kwa miezi mingi hakuna kinachokuwa kibichi isipokuwa minyaa ya mipakani. Katikati ya ukame huo mashamba ya mizabibu yalionekana kama yameazimwa kutoka kwingine. Mjomba alinifundisha kupogolea. Kwa wenzetu wa Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka wenyewe majira yakibadilika. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake. Ukikata leo, baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana huku mavuno ni mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena kwenye Agosti na Septemba.

Alikuwa akilishika tawi kwa mkono wa kushoto, anahesabu macho mawili kwa kidole gumba, anakata juu ya la pili kwa mshazari. Tulikuwa hatujafika mwisho wa mstari, na tayari matone yalikuwa yameanza kutokea kwenye vidonda vya nyuma yetu, maji safi kabisa, yakining'inia na kudondoka mchangani.

“Unalia,” aliniambia. “Usipolia, mjomba, jua umekufa.”

Kwetu mjomba na mpwa tunaitana mjomba wote wawili, na mpaka leo ananiita hivyo.

Ninachotaka kusema ni hiki: katika nyumba ile sikuwahi kuona chupa. Zabibu zilivunwa alfajiri kabla hazijapata joto, zikapakiwa kwenye makreti, lori likaja, likaondoka. Kilichorudi ni karatasi ya mizani, na baada ya muda fedha ya karo na ya mabati. Serikali ilikuwa na kiwanda chake cha mvinyo, DOWICO, na kituo cha kutafiti mizabibu kilikuwa Makutupora, kaskazini ya mji. Mjomba alijua njia zote ambazo zabibu zake zilipitia hadi kwenye mizani. Baada ya hapo hakujua, wala hakuuliza. Jioni alikunywa pombe ya mtama kwenye kibuyu. Divai ni ya padre, alisema, na waini ni ya wakubwa.

Miaka ya tisini mashirika ya umma yalianza kuanguka moja baada ya jingine, na DOWICO nayo ikasimama. Wakulima wengi waling'oa mizabibu wakapanda uwele na karanga. Mjomba alibakiza ekari mbili. Nguzo za sehemu aliyoing'oa akazungushia zizi la mbuzi, na nyaya zake zikawa kamba za kuanikia nguo. Nilipomtembelea mwaka 1996 mkaza mjomba alikuwa ameanika kanga mahali nilipojifunza kupogolea.

Mimi nilikuwa nimeshahamia Dar es Salaam. Huko nikajifunza kwamba neno zabibu lenyewe lina nchi zake. Nilimwambia mwenzangu mmoja wa Tanga kwamba mjomba wangu analima zabibu, akaniuliza, “Za pilau?” Kwake zabibu ni kile kitu kikavu kinachowekwa kwenye chakula cha sherehe. Nilipomweleza kwamba za kwetu zinakamuliwa, alisema “Aa,” kwa adabu, tukaongea mambo mengine.

Na mvinyo ulikuwa na jina la mji. Mtu akisema “nipe Dodoma” baa, hakuwa anaomba tiketi ya basi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa tangu 1973, lakini watu wa Dar wengi niliofahamiana nao walilijua jina hilo kwenye chupa kwanza. Hawakulitaja kwa heshima. Mwaka 2001 mkuu wangu wa kazi alistaafu, tukamfanyia tafrija. Nilinunua chupa nyekundu ya kwetu, nikaifunga kwa karatasi ya zawadi, nikaiweka mezani pamoja na nyingine. Baadaye nilipokwenda kutafuta maji niliiona chini ya meza, kati ya makreti ya soda matupu. Juu ya meza zilikuwa za Afrika Kusini. Nikaiacha palepale. Sikuwa na ubavu wa kuitetea.

Na kusema kweli, waliokuwa wanaicheka hawakukosea sana. Mvinyo mwingi wa miaka ile ulikuwa mtamu wa kupitiliza, na duka la mtaani lilikuwa linaupanga dirishani, jua la saa nane likiupiga wiki nzima. Mvinyo hauvumilii joto. Chupa inayofika mezani imeshapikwa, halafu tunailaumu zabibu. Dawa ya wanywaji ilikuwa barafu nyingi na soda juu yake, na kwenye kichen pati akina mama walikuwa na Dompo yao, tamu na kali, hawakumbughudhi mtu. Mimi sioni ubaya wa Dompo hadi leo. Angalau haijifanyi.

Mabadiliko yalianza kimyakimya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwekezaji kutoka Italia alifungua kiwanda cha CETAWICO kule Hombolo, na majina mageni yakaanza kusikika vijijini: Syrah, Teroldego, Marzemino. Chenin Blanc, ambayo asili yake ni Ufaransa, ilikuwa ya siku nyingi, pamoja na ile nyekundu inayoitwa Makutupora ambayo Wagogo wanaitamka kama jina la ndugu yao. Baadaye lilikuja shamba kubwa la wakulima wadogo la Chinangali, wilayani Chamwino, lenye umwagiliaji na mikopo ya benki. Mjomba alirudishia mistari aliyoing'oa. Nguzo za zizi zikarudi shambani.

Halafu ukaja mwaka ambao hatupendi kuuzungumza. Mnunuzi aliyeahidi lori alituma ujumbe kwamba matangi yamejaa. Zabibu haisubiri. Mahindi utayaweka ghalani, uwele utauweka kwenye kihenge, lakini kichala kilichoiva kina siku chache tu. Nilifika nikakuta nyuki wamevamia mistari yote na shamba linanuka kama baa asubuhi. Mjomba alikuwa ameketi barabarani na ndoo nne, anawauzia abiria. Hawakununua. Zabibu za mvinyo ni ndogo, ngozi yake ngumu, kokwa nyingi. Abiria wanataka za mezani.

Aliyemtoa pale ni binti yake, ninayemwita dada, ambaye hakuwa na hamu ya kilimo hata siku moja. Alikwenda Makutupora kwenye mafunzo ya muda mfupi, akarudi na mapipa ya plastiki na mti mrefu kama mwiko wa harusi. Akaanza kutengeneza mchuzi. Hilo ndilo neno la Dodoma: mchuzi wa zabibu, ule unaokamuliwa na kuchachushwa kijijini kisha kuuzwa kiwandani ukamaliziwe huko. Mkulima mwenye mchuzi ana nafasi ya kusubiri bei. Mwenye zabibu anasubiri nzi. Asubuhi na jioni dada alikuwa anafunua pipa, anasukuma chini maganda yaliyopanda juu na povu la zambarau, na vidole vyake vilibaki na rangi hiyo hadi mwezi wa kumi. Mjomba alipita pembeni akiangalia kama mtu anayepita jirani na msiba wa wengine. Kuonja hakuonja.

Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba serikali inahamia Dodoma kweli, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Bei ya ardhi ilipanda haraka kuliko mzabibu. Mashamba yaliyokuwa pembezoni yakawa viwanja vyenye vigingi vya rangi nyekundu. Mjomba naye aliuza nusu ekari, akajenga, na hasemi alilipwa kiasi gani. Lakini hao waliohamia ndio walioanza kuuliza mvinyo unatengenezwa wapi na kama mtu anaruhusiwa kwenda kuona. Watengenezaji wadogo wakaanza kuweka viti chini ya mti na bilauri mezani. Na neno likabadilika tena. Si divai, si Dodoma. Sasa ni mvinyo, na unaulizwa kama ni mkavu au mtamu.

Treni ya umeme ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024 nilikosa kisingizio cha kutokwenda. Safari niliyozoea kuipigania siku nzima kwenye basi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Nilikwenda na marafiki wawili wa Dar, mmoja wao alikuwepo kwenye tafrija ya 2001. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, mavuno yanaendelea. Tulimchukua mjomba na dada, tukaenda kwa mtengenezaji mmoja anayenunua mchuzi na zabibu za upande ule.

Fundi wake ni kijana mpole, koti la maabara juu ya ndala. Alichukua punje ya Syrah, nyeusi tii, akaiminya juu ya kijiko cheupe. Maji yaliyotoka yalikuwa karibu hayana rangi. Marafiki zangu walidhani ni mchezo. Akatueleza kwamba wekundu wote uko kwenye ganda. Ukikamua na kutupa maganda mapema utapata mvinyo mwepesi wa rangi, ukiyaacha yalowane humo siku kadhaa ndipo unapata ule mzito. Mimi niliyekulia kwenye mizabibu nilikuwa silijui hilo. Mjomba alikohoa tu. Yeye alilijua tangu zamani, kwa sababu mbuzi wake wakila vichala midomo haiwi myekundu mpaka watafune ganda.

Tulianza na mweupe, baridi, uliochongoka kama ndimu. Rafiki yangu wa tafrija aliomba barafu. Fundi alimletea bila kusema neno, lakini nilimwona dada akigeuka pembeni. Kisha ukaja mwekundu. Dada akamimina kidogo, akampa baba yake kwa mikono miwili.

“Baba, humu zimo zetu.”

Mzee ana miaka themanini na kitu. Aliishika bilauri kama anavyoshika kikombe cha chai, kwa kiganja kizima. Akanywa funda dogo, akalizungusha mdomoni taratibu, macho yameelekea shambani. Sisi tulikuwa tunasubiri asifie. Mmoja wetu alikuwa ameshatoa simu.

“Hizi zilichelewa kuvunwa,” akasema.

Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaenda kuangalia daftari lake. Ni kweli: lori liliharibika, zabibu zikakaa mtini siku sita zaidi ya ilivyopangwa. Jua la Dodoma linapandisha sukari na kuula uchachu, na uchachu ndio unaousimamisha mvinyo. Kijana yule alikuwa amelipima jambo hilo kwa vyombo. Mjomba, ambaye kwa miaka zaidi ya arobaini alikuwa akiamua siku ya kuvuna kwa kutafuna punje tatu kila asubuhi, alilikuta kwenye funda moja. Ulimi wenyewe alikuwa nao siku zote. Hakuna aliyekuwa amempa bilauri.

Alimaliza iliyobaki, akakataa ya pili, akaomba chai. Dada ameshaagiza kipimo cha sukari, kile cha kuchungulia kama darubini, na anasema msimu ujao watavuna kwa namba. Mjomba anasema atatafuna kwanza, halafu wao wachungulie.

Ukitaka kwenda, nenda mwishoni mwa Agosti. Fika asubuhi, jua halijakaza, uombe kuonja punje kabla ya kuonja chupa, na umuulize mwenye shamba, si mwenye kiwanda peke yake. Barafu iache Dar.