Chumba cha Manzese

Ndugu msomaji, huenda siku moja nawe utasafiri kwenda Dar es Salaam, au utampeleka mtoto wako huko kutafuta kazi. Njoo basi tutembee pamoja, nikuonyeshe jambo nililoliona kwa macho yangu.

Basi la bara latushusha Mbezi, kwenye stendi kubwa iliyofunguliwa mwaka 2021. Toka hapo twapanda daladala mpaka Kimara, na Kimara twaingia katika mabasi ya mwendokasi, ambayo tangu mwaka 2016 yana njia yao wenyewe katikati ya Barabara ya Morogoro. Tukiisha kupita Ubungo twafika Manzese. Twashuka na kuingia ndani kwa miguu. Vichochoro ni vyembamba. Hapa mama akaanga mihogo, pale fundi ashona sare za shule, na mabati ya nyumba yanakaribia kugusana.

Tazama nyumba zenyewe. Mbele kuna baraza. Ukiingia mlangoni waikuta korido, vyumba vitatu mkono wa kuume, vitatu mkono wa kushoto. Nyuma ni ua, wenye choo na mahali pa kupikia. Wewe utokaye kijijini wadhani ni nyumba ya ukoo mmoja. Sivyo. Kila mlango una watu wake, na mita ya umeme ni moja kwa wote. Mpangaji hulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla hajatandika mkeka, na dalali aliyemwonyesha chumba hudai kodi ya mwezi mmoja zaidi. Kwa mtu wa kijijini, fedha hizo ni mahindi ya msimu mzima.

Katika nyumba moja ya namna hiyo alipanga mpwa wangu, aliyepata kazi ya miezi sita katika ghala. Chumba kilikuwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Alilipa 150,000 mkononi, na 150,000 nikamtumia mwenye nyumba mimi mwenyewe kwa simu. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwema, mtu wa maneno machache. Nilipotaja habari ya kuandikiana, mpwa wangu aliona haya. Akasema, “Mjomba, tutamwambiaje mzee kama huyu kwamba hatumwamini?” Nikanyamaza. Kosa hilo ni langu pia.

Mwezi wa tatu mzee alifariki. Matanga yalipokwisha, watoto wake wakaja kugawana nyumba. Wakamwambia mpwa wangu, “Baba hakututajia habari zako. Tunakupa siku saba.” Nikasafiri kwenda kumsaidia. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamwonyesha ujumbe wa simu. Watoto wa marehemu wakajibu, “Fedha twaziona, lakini ni za nini? Pengine ulikuwa na deni lake.” Mwenyekiti akatikisa kichwa, akasema, “Mimi nawaamini ninyi. Lakini nitashika nini mkononi?”

Katika chumba cha tatu alikaa mama mmoja muuza maandazi. Yeye akaleta ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne. Humo yameandikwa jina lake, jina la mzee, kiasi cha fedha, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na sahihi ya jirani aliyeshuhudia. Watoto wakaitambua sahihi ya baba yao. Mmoja wao akalia. Mama yule alikaa mpaka siku yake ya mwisho, wala hakuna aliyemsumbua. Mpwa wangu aliondoka na godoro lake kichwani.

Msomaji mpenzi, hapa hapakuwa na mwizi. Wengi wetu twadhani karatasi ni ya kumwekea mtu mbaya. Lakini hata mtu mwema hufa, husahau, huugua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yaruhusu kupangishana kwa mdomo ikiwa muda hauzidi mwaka mmoja. Lakini siku ya ugomvi, nani atasema kinywa kilinena nini?

Basi andikeni. Si lazima uwe na mwanasheria. Tajeni majina yenu, chumba chenyewe, kodi ya kila mwezi, fedha zilizokwisha lipwa, tarehe ya kuanza na ya kwisha, nani alipa umeme na maji, na mtu atakayetaka kuvunja mapatano atoe taarifa ya siku ngapi. Tieni sahihi ninyi wawili na shahidi. Andikeni nakala mbili, kila mmoja akae na yake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini, ndipo atie dole gumba.

Wala usiseme mambo haya ni ya mjini tu. Je, hujakodi shamba kwa msimu mmoja kwa neno la mdomo tu? Mahindi yakiisha kuzaa, mwenye shamba akafariki, utawaonyesha nini wanawe? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja wa daftari la mtoto wako watosha. Uandike leo, wakati nyote wawili mngali mkicheka pamoja.