Tunduma: Mji wa Mpakani na Uwanja wa Watoto

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Zambia hupita Mlowo na Vwawa, akiyaacha mashamba ya kahawa ya Mbozi kuume na kushoto, na baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 100 huwasili Tunduma, mwisho wa nchi ya Tanzania upande wa kusini magharibi. Hapo ndipo reli ya TAZARA na barabara kuu zinapovuka mpaka. Malori yaliyobeba shaba ya Zambia na Kongo hupishana na yale yatokayo bandari ya Dar es Salaam na mafuta na bidhaa za kila namna. Tangu mwaka 2016 mji huu umo katika Mkoa wa Songwe, ambao kabla ya hapo ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya.

Mgeni afikapo hustaajabu kuona kwamba mpaka wenyewe si mto wala si mlima. Tunduma na Nakonde, mji wa Zambia, zimeshikana hata mtu asiyejua haambui wapi pamekoma nchi moja na wapi imeanza nyingine. Wanyamwanga wako pande zote mbili, nao wanaoana, wanazikana na kuuziana mahindi tangu zamani za babu zao. Mama aweza kununua chumvi upande huu akaenda kuipikia upande ule.

Watu wa Tunduma waongezeka upesi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 97,562, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya laki mbili. Watu wameongezeka, lakini ardhi ni ile ile. Panapojengwa nyumba, duka au maegesho ya malori, hapo hapana tena pa mtoto kukimbilia. Sisi tunaosomesha watoto wa mji huu Qurani twaliona jambo hilo kila siku, ila uzito wake hasa ulitudhihirikia mwaka 2020, na habari hiyo ndiyo tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu, wazazi na vijana.

MAJIRA YA ZUIO

Ugonjwa wa korona ulitangazwa kuingia Tanzania tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata serikali ikaamuru shule zifungwe, na mikusanyiko ya michezo nayo ikasimamishwa. Misikiti haikufungwa, wala watu hawakuamriwa kubaki majumbani kama ilivyokuwa katika nchi nyingi. Hata hivyo sisi tuliona si insafu kuwabananisha watoto sitini katika chumba kimoja cha madrasa, basi tukakifunga. Kila mtoto akapewa sehemu yake ya kuhifadhi nyumbani.

Mwezi wa Mei, katikati ya Ramadhani, watu wengi walipimwa Nakonde wakaonekana na ugonjwa, na tarehe 11 Mei Zambia ikaufunga mpaka wake pale. Anayeijua Tunduma atafahamu maana ya jambo hilo. Malori yalisimama kando ya barabara mstari mrefu usioonekana mwisho. Madereva walilala ndani ya magari yao, na baadhi ya wenyeji wakawaogopa, wakawaita waleta maradhi. Baadaye mpaka ulifunguliwa, mizigo ikitangulia, lakini siku zile za kungoja zilikuwa nzito.

Wakati huo watoto hawakuwa shuleni wala chuoni. Nyumba nyingi za mji wetu ni chumba kimoja au viwili, na mtoto wa miaka kumi na mitatu hawezi kukaa chumbani toka alfajiri hadi magharibi. Akitoka, nje mnamngoja mambo mawili. La kwanza ni njia za panya, ambako mvulana hulipwa ujira mdogo avushe mfuko wa sukari au dumu la mafuta kwa siri. La pili ni mashine za kubahatisha, ambazo humeza sarafu za watoto nazo hazishibi. Tuliwaona wanafunzi wetu kwenye mambo yote mawili, na wazazi wakaja kutuuliza, “Mwalimu, tufanyeje?”

HABARI ILIYOTOKA MBALI

Kijana mmoja tuliyemsomesha zamani alikuwa masomoni Ufini, nchi ya baridi huko kaskazini ya Ulaya. Alituletea salamu kwa simu, akatueleza kwamba kwao mikusanyiko ya zaidi ya watu 10 imekatazwa, shule zimefungwa, na watu wamekimbilia misituni kucheza gofu ya kisahani.

Mchezo huo, wasomaji wetu, ni huu. Mchezaji ana kisahani cha plastiki, naye hukirusha kuelekea kikapu cha minyororo kilichosimamishwa juu ya mlingoti. Kikianguka njiani hukifuata, akarusha tena kutoka pale kilipoangukia. Akishakitia kikapuni huenda kwenye kikapu cha pili, na hivyo mpaka vikapu 9 au 18 vimalizike. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Ulianza kupata sura yake ya sasa Marekani katika miaka ya 1970: kiwanja cha kwanza cha kudumu kiliwekwa mwaka 1975 huko California, na aliyebuni kikapu cha minyororo ni Ed Headrick. Ufini leo ina viwanja vya namna hiyo kwa mamia, na vingi ni vya miji na vijiji, ambapo mtu huingia bila kulipa hata senti moja.

Sababu ya mchezo huu kupendwa mwaka ule ni nyepesi kufahamu. Huchezwa nje penye hewa. Kila mtu hushika kisahani chake peke yake, hakuna kukumbatiana wala kusukumana, na watu watatu au wanne hutembea wameachana hatua kadhaa. Kwa hiyo wakati mpira ulipokatazwa, mchezo huu uliongeza watu katika nchi nyingi.

Habari hiyo tuliipima. Vikapu vya minyororo hatukuwa navyo, wala fedha ya kuvinunua. Lakini mifuniko ya ndoo za rangi haikosekani katika mji unaojengwa, na mfuniko huo ukirushwa sawasawa huelea vizuri.

UWANJA WETU

Karibu na mtaa wetu palikuwa na eneo la wazi lenye miti ya mikaratusi na majani mafupi, ambapo watoto walizoea kucheza chandimu na rede, na wachunga mbuzi kupumzika. Hapakuwa pa mtu. Tukamwomba ruhusa mwenyekiti wa mtaa, akatukubalia kwa sharti kwamba watoto wasikusanyike.

Tukaweka shabaha tisa. Ya kwanza tairi kuukuu lililotundikwa mtini, ya pili ndoo iliyotoboka, ya tatu fito tatu zilizofungwa pamoja, na nyingine za namna hiyo hiyo. Kila mtoto aliandika jina lake juu ya mfuniko wake kwa rangi, wala hakumwazima mwenziwe. Wavulana walicheza baada ya alasiri, wasichana wakacheza asubuhi pamoja na mwalimu wao wa kike, wanne wanne, kundi moja likishamaliza shabaha ya pili ndipo jingine linaanza. Mlangoni mwa uwanja tuliweka ndoo ya koki na sabuni, na asiyenawa hakuingia. Kabla ya kurusha, mtoto alisoma aya alizohifadhi nyumbani, naye mwalimu akamsikiliza kwa mbali. Hivyo darsa na mchezo vilikwenda pamoja.

Tuliweka makatazo mawili. Hapana kuwekeana fedha wala gololi kwa ushindi, kwa kuwa huko ni kucheza kamari. Na hapana kulenga ndege, mbwa wala kiumbe chochote chenye roho, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kufanya kiumbe hai kuwa shabaha. Katazo hili la pili liliwagusa sana wavulana wetu waliozoea manati.

Wako waliotulaumu kwamba mwalimu wa Qurani amewafungulia watoto mlango wa upuzi katika mwezi mtukufu. Tuliwajibu kwa adabu. Mtume alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale, akawahimiza. Alishindana mbio na Bibi Aisha. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi naye akiwatazama. Dini haikuleta uchovu wa mwili wala giza la moyo. Mchezo usiopitisha sala, usio na kamari wala matusi, ni haki ya mtoto kama chakula kilivyo haki yake.

Wengine walisema kwamba kujitenga na ugonjwa ni kukimbia kadari. Hao tuliwakumbusha safari ya Seyidna Umar kwenda Sham, mnamo mwaka wa 18 wa Hijra. Alipofika mahali paitwapo Sargh aliambiwa kwamba tauni imeingia mbele yake. Akashauriana na masahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bondeni akakuta upande mmoja una malisho na wa pili ni mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Ndipo Abdurrahman bin Auf alipowapa hadithi ya Mtume, kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asiitoke kwa kuikimbia. Watu wa mpakani tulikuwa na haki zaidi ya kuizingatia hadithi hiyo, nasi tuliona uwanja ule ndio upande wetu wa bonde wenye malisho.

Jambo moja la siku zile halitutoki moyoni. Mstari wa malori ulifika hata ukingo wa uwanja, na dereva mmoja, mtu wa Kongo, akashuka kuwatazama watoto. Wakatimua mbio wakipiga kelele. Tuliwaita, tukawafunza kwamba kukaa mbali na mtu ni jambo moja, na kumtweza ni jambo jingine. Jioni ile walipeleka futari, uji na viazi vitamu, wakaiweka juu ya jiwe, wakarudi nyuma hatua kumi, wakamtolea salamu. Yule bwana aliinua mkono akaitikia. Tangu hapo hadi malori yalipoondoka, jiwe lile halikukosa chakula wakati wa magharibi.

Hatusemi kwamba mchezo uliwaokoa wote. Wavulana wawili walituacha wakafuata mizigo ya njia za panya, na mmoja wao hajarudi chuoni hata leo. Lakini wengi walibaki. Shule zote zilipofunguliwa tarehe 29 Juni 2020, walirudi darasani na sura zao wamezihifadhi na miili yao ina afya.

JIWE LINALOLINDWA NA UWANJA USIOLINDWA

Katika mkoa huu huu, wilayani Mbozi, kuna kimondo kilichoanguka kutoka mbinguni zamani zisizojulikana. Kimelala ubavuni mwa mlima Marengi, chuma chenye urefu wa kama mita 3, na wataalamu hukadiria uzito wake kuwa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walikijua tangu zamani, na mpima ardhi W. H. Nott akakitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930. Mwaka 1967 serikali ilikifanya kuwa kumbukumbu ya taifa inayolindwa. Tuliwapeleka wanafunzi wakubwa kukiona zuio lilipokwisha, wakakizunguka na kukigusa, na kumtukuza Muumba wake.

Njiani kurudi, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alituuliza, “Mwalimu, jiwe zito kama lile nani angeliiba? Mbona linalindwa, na uwanja wetu haulindwi?”

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Kimondo hakiwezi kutoweka usiku mmoja, lakini uwanja waweza. Leo ukienda pale penye mikaratusi utakuta nusu ya eneo imekwisha kupandwa mawe ya mipaka, na matofali yamerundikwa mahali palipokuwa na shabaha yetu ya nne. Hatumtaji mtu, wala hatumtuhumu. Twajua kwamba ardhi isiyo na karatasi ni kama mbuzi asiye na kamba.

Basi twawasihi wazazi wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na wa kila mji unaokua. Hudhurieni mikutano ya mtaa, maana huko ndiko maneno ya ardhi yanakosemwa. Ombeni maeneo ya wazi yaliyobaki yapimwe na kuandikwa katika ramani kuwa ni ya watu wote. Na aliyejaaliwa ardhi, akitoa kipande kiwe wakfu kwa michezo ya watoto, basi sadaka hiyo itaendelea hata baada ya yeye kufukiwa. Watu hujenga misikiti, nao wamefanya vema. Na mtoto atakayesali ndani yake kesho ahitaji leo mahali pa kukimbia.

Nanyi vijana, nusu ya uwanja ingalipo. Itumieni kwa heshima, okoteni takataka zake, msikate miti yake, ili atakayekuja kuidai akute ina wenyewe. Magonjwa yalikuja zamani, na yaweza kuja tena, na siku hiyo watoto wa mji watahitaji pa kutokea.

Mwenyezi Mungu ailinde miji yetu, awape wakubwa wetu macho ya kuona, na awakuze watoto wetu katika afya na twaa. Amina.