Bibi wa Lewiston aliyeomba "mazi"

Ndugu zangu wa Ngamiani, Pangani na Handeni,

Juzi niliitwa zahanati moja hapa Lewiston, jimbo la Maine, nikamtafsirie bibi mmoja. Karatasi ilisema ni Msomali aliyejifunza Kiswahili kambini Kenya. Kikohozi kilimbana, akaomba maji. Akasema "mazi". Mwili ulinisisimka. Bibi yangu wa Kwediboma, mzaa mama, hakuyaita maji kwa jina jingine mpaka anaingia kaburini.

Kumbe ni Mzigua, kama bibi yangu. Wazee wa jamii yake waliondoka kwetu Tanga karne ya kumi na tisa, wakati wa njaa waliyoiita Kidyakingo, watu walipotafuna ngozi. Waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo ya bahari, wakajikuta watumwa Somalia. Wengi walitoroka wakaingia misitu ya Mto Juba, na masimulizi yao humtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha. Huko walilima, wakatunza Kizigua, wakadharauliwa kwa nywele zao na asili yao.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wanamgambo waliyavamia mashamba yale. Wakulima hawa hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Wengine walikimbilia kambi ya Dadaab, Kenya, na hata huko wanawake walinajisiwa walipotoka kutafuta kuni. Bibi alinisimulia hayo ameinamisha kichwa, akizungusha kikombe mkononi. Sikumuuliza zaidi.

Wengine walielekea Tanga. Hawa ndio ninaotaka muwakumbuke. Serikali yetu iliwapokea Handeni, kwanza Mkuiyu, baadaye Chogo, ikawapa ardhi ya kulima, na zaidi ya elfu moja kati yao wakapata uraia. Wenyeji walisikia lugha yao wakajua ni nani waliorudi. Katika mambo ambayo nchi yetu imefanya, hili ni miongoni mwa yale ninayojivunia kuliko yote, na inanisikitisha kwamba vijana wengi wa Tanga mjini hawajapata kulisikia.

Waliobaki Dadaab nao waliombewa nafasi Tanzania, lakini wakati ule tulikuwa tumeelemewa na wimbi la wakimbizi wa Rwanda. Msumbiji ilikubali, kisha ikarudi nyuma. Marekani ikakubali mwaka 1999, na kama watu elfu kumi na mbili wakaanza safari, kwanza hadi kambi ya Kakuma, kisha huku. Kabla ya kukubaliwa, bibi aliulizwa maswali kwa siku kadhaa: nani alikupiga, lini, kwa nini wewe na si jirani yako? Sheria ya wakimbizi hutaka mtu athibitishe hofu ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au siasa. Ni ngumu kumtaka mtu aliyeumia apange machungu yake kwa tarehe. Hata hivyo naiheshimu sheria ile. Handeni undugu ulifungua mlango. Lakini yuko mkimbizi asiye na shangazi wala lugha anapobisha hodi, na sheria ilitungwa kwa ajili yake.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha programu ya kuwapokea wakimbizi. Huku kuna familia zilizokuwa zikihesabu miezi zimpokee mama au mtoto aliyebaki kambini. Wanaenda shambani kama kawaida. Jumuiya yao ina mashamba pale Wales, kijiji cha jirani, na mwaka huu mahindi yamesimama vizuri. Lakini simu ikilia usiku, nyumba nzima huamka.

Bibi ana kaka yake. Walipotezana njiani mwaka 1991, na amesikia kwamba alifika Handeni. Amenirekodia sauti kwenye simu, dakika tatu za Kizigua, akitaja jina la baba yao, la mama yao, na la kijiji chao kando ya Juba. Mwenye safari ya Chogo aniandikie, nimtumie. Awachezee wazee pale, taratibu, mara mbili.