Kujitegemea kwa seva ya nyumbani

Babu alipofariki alituachia simulizi alizorekodiwa kwa Kizanaki, zenye urefu wa saa 11: koo, mvua, kilimo cha wimbi. Wajukuu tumetawanyika Butiama, Bunda na Musoma. Je, sauti hiyo ikae wapi?

Wengi hujibu: mtandaoni. Lakini, ndugu msomaji, "mtandaoni" ni kompyuta ya mtu mwingine, mara nyingi ng'ambo. Humo sisi ni wapangaji. Kodi ikikosekana, mlango hufungwa. Kwa hiyo kaka yangu wa Bunda alitoa kompyuta mpakato kuukuu, tukaweka Linux na kuiunganisha na ruta ya nyumbani. Seva ni hiyo tu: kompyuta inayokesha ikisubiri kuombwa. Umeme ukikatika, betri yake huisaidia kwa muda.

Ndani ya nyumba ilisikika vizuri, ila shangazi aliyeko Butiama hakuweza kuifikia. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, hazitoshi. Hivyo kampuni nyingi za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Nyumba yetu inaweza kubisha hodi kwa wengine, lakini mgeni hawezi kuuona mlango wetu. Ikabidi tukodi kompyuta ndogo ng'ambo, yenye anwani yake. Seva ya Bunda huanza kuipigia hodi kupitia WireGuard, na shangazi huingilia huko. Mafaili yanabaki Bunda.

Je, huko ni kujitegemea? Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, aliyetuachia Azimio la Arusha la 1967, neno hilo halisemwi kirahisi. Aristotle, tunayemsoma darasani, anafundisha kwamba kujitosheleza si kwa mtu aishiye peke yake, bali pamoja na wazazi, watoto, rafiki na raia wenzake. Naelewa hivi: anayejitegemea bado anawahitaji majirani, ila ana kihenge chake nyumbani.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikazorota nchini. Shangazi hakupata kitu, kwa kuwa njia yake ilizunguka ng'ambo. Watoto wa kaka walisikiliza kama kawaida; kutoka chumbani hadi sebuleni hakuna bahari. Baada ya hapo tulipeleka nakala Butiama na nyingine Musoma.

Limebaki jambo moja zito. Watoto wale wa Bunda wanaisikia sauti, lakini maneno mengi hawayaelewi. Seva inatunza sauti. Haiwezi kutunza lugha. Shangazi anaielewa, naye umri umesogea. Likizo hii nitakaa naye Butiama, tusikilize kipande baada ya kipande, yeye afafanue, mimi niandike.